Kochi Lililokataa Kutoka

Ukitaka kumjua fundi wa makochi, usiangalie mikono yake, angalia mdomo. Huyu tunayemsimulia alishinda na misumari midogo mdomoni, ameibana kwa midomo, anautoa mmoja baada ya mwingine kadiri nyundo inavyodai, na bado aliweza kusalimia wapita njia, kucheka na kuimba pambio za kanisani. Wateja wageni walikaa roho juu wakidhani ataimeza. Wateja wa zamani walijua kwamba hajawahi kumeza msumari wala kuvunja ahadi. Akikwambia njoo Jumatano, Jumatano utalikuta kochi lako limesimama mbele ya duka, limepigwa brashi, linasubiri gari.

Mtaani walimwita Fundi Sponji, naye alilipenda jina hilo. Nyumbani alikuwa na jina jingine ambalo watoto wake walilitumia kwa heshima zote, yaani akiwa hayupo. Walimwita Baba Kesho.

Si kwamba alikuwa mvivu. Tena asikusikie ukisema hivyo. Tatizo lake lilikuwa moja tu: neno "hapana" lilimshinda. Mtu wa nje akimwomba, anakubali. Wawili wakimwomba kwa siku moja, anawakubalia wote wawili. Na kwa kuwa siku haivutiki kama mpira, ilibidi mtu fulani angoje, na mtu huyo kila mara alikuwa wa nyumbani. Bawaba ya mlango wa jikoni, kesho. Rafu ya vyombo, kesho. Watu wa nyumbani hawakimbii, alijisemea, na kweli hawakukimbia. Walikaa pale pale, kwenye kochi bovu kuliko yote mtaani.

Kochi hilo liliachwa na mteja mmoja aliyehama mji bila kuaga, na likaingizwa sebuleni kwa muda tu, mpaka fundi apate nafasi ya kutengeneza lao. Muda ukapita. Springi moja ilitoboa kitambaa ikawa inachungulia nje, na mkewe fundi akaifunika kwa blanketi lililokunjwa. Wageni walielekezwa kabla hawajaketi: hapa kaa, pale usikae. Kuna mzee wa kanisa ambaye hakusikia maelekezo, na mpaka leo akialikwa kwao husema ataketi tu hapo mlangoni kwenye hewa.

Mkewe ndiye aliyeshona vitambaa vya makochi yote yaliyotoka kwenye karakana ya fundi. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango mmoja wa kwenda barabarani na mwingine wa kuingilia sebuleni. Upande wa dirishani palikaa cherehani ya mama, upande wa pili meza ya kukatia sponji, na katikati yao kazi ya siku hiyo. Mwanamke huyu alikuwa na maneno machache na masikio makali. Mshono ukiwa mbaya aliujua kwa sauti ya sindano kabla hajautazama. Hata hali ya mumewe aliijua hivyo hivyo, kwa sauti.

Walianza kujuana wakiwa vijana wanaojifunza kazi, kijana kwa fundi wa makochi, binti kwa fundi wa nguo wa duka la jirani. Siku moja kochi lilitakiwa kutolewa haraka na hakukuwa na mtu wa kushika upande wa pili, binti akaitwa. Kijana akatangulia kwa kinyumenyume, kifua mbele, kama mtu aliyezaliwa akibeba makochi. Binti akamwambia taratibu, "Nyuma yako kuna ndoo." Kijana akacheka, akaona huyu wa nguo atamfundisha nini yeye wa makochi, akapiga hatua moja zaidi na kuketi ndani ya ndoo ya gundi. Suruali ile haikufika nyumbani. Binti alimshonea nyingine, akampa bila kusema lolote, na kijana akaelewa kwamba mtu anayekuonya kabla na hakucheki baadaye hapatikani kila siku.

Mchungaji wao aliisikia hadithi hiyo kwenye mkutano mmoja wa familia akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akatulia akasema, "Fundi, hayo ndiyo mafundisho. Mimi nitawafundisha wachumba Neno. Wewe na mama wafundisheni mlango."

Ndivyo lilivyoanza somo la kochi. Wachumba wote waliotaka kufunga ndoa katika kanisa lile walipitia karakana ya Fundi Sponji. Wanakabidhiwa kochi, wanaambiwa walitoe nje kupitia mlango mwembamba wa barabarani bila kugusa fremu. Walimu hutangulia kuonyesha. Sheria zilikuwa chache. Anayekwenda kinyumenyume haoni, kwa hiyo anayeona lazima aseme, na asiyeona lazima aamini. Hakuna kutua bila kusema natua. Anayechoka haoni aibu kusema nimechoka. Likishatoka, wote wanaketi juu yake pale pale barabarani na kumwomba Mungu awape nyumba yenye kusemezana.

Mlango ule ulifichua mengi. Kulikuwa na mhandisi mmoja aliyesema atalibeba peke yake kichwani, mchumba wake asimame tu pembeni apendeze. Mama alimuuliza, "Na mtoto akiugua, utambeba na yeye peke yako huyu amependeza?" Kulikuwa na wengine waliojadiliana kwa upole namna ya kulishika, wewe kwanza, hapana wewe kwanza, mpaka giza likaanza kuingia na kochi halijanyanyuka. Na wapo waliogombana hadi mmoja akaliachia likamponda mwenzake kidole. Hao walirudi baadaye wenyewe, wakaomba kurudia somo, na leo wana watoto wakorofi na nyumba yenye vicheko.

Sasa zamu ilikuwa imemfikia binti wa fundi mwenyewe.

Huyu alikuwa wa mwisho kuzaliwa na wote walimwita Kitinda. Alikuwa mwalimu wa chekechea, ana sauti ya kuimba na jicho lisilopitwa na kitu. Mchumba wake alikuwa fundi wa umeme, na mtaa mzima ulimwita Umeme. Kijana mwema, mcheshi, mwenye ngazi begani na simu isiyonyamaza. Fundi Sponji alimpenda kupita kiasi. Alisema ni kama amejiona mwenyewe ujanani.

Ahadi ya kochi jipya la nyumbani ilikuwa imetimizwa hatimaye, au karibu. Ndugu wa Umeme walikuwa waje kuzungumza mambo ya harusi, na fundi akaapa kwamba hawataketi kwenye springi. Alilitengeneza kwa mbao alizokuwa amezihifadhi, akalitia sponji nzito, na mama akashona kitambaa cha rangi ya majani alichokuwa amekitunza kabatini akingojea siku hiyo. Tena fundi alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Mchana mmoja mama alipojilaza mkekani kupumzisha mgongo, alinyemelea na tepu akampima kutoka utosini hadi kisiginoni. Kochi likatengenezwa kwa urefu huo na kiganja kimoja cha ziada. Upana wake aliupimia mlango wa sebuleni, kwa sababu halikukusudiwa kutoka nje.

Kisha Alhamisi mchungaji akapita dukani kusalimia. Hakuomba chochote. Alisema tu, kwa namna ya mazungumzo, kwamba askofu atalala kwake mwisho wa juma na nyumba ya mchungaji ina viti vya plastiki vitupu. Jicho lake likaangukia kochi la rangi ya majani. "Fundi, hili mikono yako imejitahidi," akasema.

Kabla fundi hajakata shauri, mdomo ulishakata. "Basi ni lako, mchungaji. Kazi ya Bwana. Jumamosi njoo na gari."

Cherehani ikanyamaza. Mchungaji alipokwisha kuondoka na shukrani zake, fundi aligeuka kwa tabasamu la mtu anayejua ameharibu. "Mama watoto, letu nitalianza kesho."

"Sawa," akasema mkewe.

Waliooa wanalijua neno hilo linapotoka hivyo, fupi, bila kuinua macho. Mwanamke akikufokea unajua pa kushika. Akisema sawa, umekwisha. Tangu hapo mama alipika, alishona, aliweka chakula mezani kwa wakati, lakini maneno yalipitia kwa Kitinda. Mwambie baba yako chai ipo. Muulize baba yako kama uzi mweusi umekuja. Nao wote watatu wakiwa chumba kimoja.

Ijumaa jioni Kitinda alitoka chekechea akaingia karakana kabla ya kuvua viatu.

"Baba, naomba umwambie mchungaji asitangaze kwanza."

Fundi akatema misumari yote kiganjani, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni wakubwa. "Asitangaze nini?"

"Ndoa yetu. Jumapili asitangaze. Nataka kufikiri."

"Umeme amekukosea?"

"Hapana."

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Huyo mwanamke mwingine atampata saa ngapi? Mimi mwenyewe simpati." Kitinda alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha. "Yeyote akimpigia simu anakwenda. Mimi akiniahidi saa nane, nikimwona saa kumi nashukuru Mungu. Soketi ya cherehani ya mama aliahidi lini? Mpaka leo mama anavuta waya kutoka chumbani kwangu. Ni mtu mzuri, baba. Hana baya. Lakini na wewe ni mtu mzuri, na hilo ndilo linalonitisha."

Alisema bila dharau, huku akimpangusa vumbi la sponji begani. Ingekuwa dharau ingemuuma kwa muda, kisha ingepita.

"Unakikumbuka kiti changu?" akauliza.

Alikikumbuka. Kitinda alipokuwa mdogo aliomba kiti cha kimo chake, kidogo, chenye mgongo. Fundi akasema kesho. Wakati huo huo kanisa likahitaji viti vidogo vya shule ya Jumapili, naye akavitengeneza vyote, akavipaka rangi, watu wakampigia makofi ibadani. Kitinda alikalia kimoja kila Jumapili. Siku nyingine alikaa kwenye debe.

"Siku ulipopata nafasi, nilikuwa sitoshei tena," alisema. "Wale watoto wangu wa chekechea, baba, ukiwaambia kesho, asubuhi wanakuja wamenyoosha mikono. Hawajui kwamba ni neno la kuwanyamazisha tu. Wakishajua, hawakuombi tena. Wazazi wanadhani mtoto amekuwa mpole. Hajawa mpole, amekata tamaa tu."

Fundi akaiweka misumari mezani. Alimpigia mchungaji simu akamweleza, mchungaji akajibu kwamba atangojea neno la binti mwenyewe. Kuhusu kochi fundi hakugusia. Wazo la kulidai lirudi lilimjia, akalifukuza. Limeshaahidiwa, askofu yuko njiani, na kazi ya Bwana hairudishwi nyuma. Alijieleza hivyo kwa kirefu sana, mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jumamosi mchana Kitinda alikuja kwenye somo kwa wakati. Umeme alikuja akikimbia, ngazi begani, jasho linamtiririka, mtu amemkwamisha na feni. "Shikamoo baba, shikamoo mama, samahanini, samahani Kitinda." Kitinda akampa kitambaa cha kujifutia. Mama akamtazama binti yake kwa jicho refu. Alijua binti ana shaka.

"Walimu hutangulia," fundi akatangaza kwa uchangamfu wa kujilazimisha. Na kwa kuwa kochi la kutoka siku hiyo lilikuwa lile la rangi ya majani, ndilo litakalobebwa.

Hapa lazima nieleze jambo. Fundi na mkewe walikuwa na desturi yao kabla ya kunyanyua kochi lolote. Mama huuliza, "Miguu?" na fundi hujibu, "Imetoka." Maana makochi makubwa hupita mlango ule baada ya kufunguliwa miguu, ambayo imefungwa kwa skrubu kusudi itoke. Kwa miaka yote ya kazi hawajawahi kuiacha desturi hiyo. Lakini siku hiyo mama hakuwa akisema na fundi, na fundi aliyezoea kuulizwa hakukumbuka kujiuliza. Wakainama, wakashika, wakanyanyua.

Mama alitangulia kinyumenyume kuelekea barabarani, Umeme akatoka mbele yake kumsafishia njia. Fundi alisukuma kutoka ndani, Kitinda kando yake. Kochi likaingia mlangoni kwa madaha, likafika katikati, likakwama.

Fundi akasukuma. Likakaza zaidi. "Kitinda, mwambie mwalimu mwenzangu avute."

"Mama, baba anasema uvute."

"Umeme," ilisikika sauti kutoka nje, "mwambie mwalimu mwenzangu kwamba ninavuta."

"Baba, mama anasema anavuta."

"Nimesikia. Mwambie ageuze kushoto."

"Kushoto kwake au kwangu? Muulize."

Umeme alianza kuuliza, akaishia katikati. Alikuwa kijana wa kucheka, na sasa alikuwa anajizuia kwa nguvu zote, ameuma kola ya shati lake. Wapita njia wawili walisimama wakatoa ushauri kila mmoja wa kwake, wakaendelea na safari. Mwisho mama alichoka. Hakusema nimechoka, ingawa ni sheria yake mwenyewe. Alikaa tu juu ya mkono wa kochi uliokuwa umetokeza barabarani, akawapa wote kisogo.

Ndani, Kitinda alikuwa ameshaona. Amekulia humo, alijua miguu ya kochi kabla ya kujua herufi. Alikwenda kwenye meza, akachukua bisibisi, akamnyooshea baba yake kwa upande wa mpini.

"Ni miguu tu, baba. Itoe, lipite."

Hakumlaumu. Alimtazama tu, vile alivyomtazama zamani akiuliza habari za kiti, enzi bado anauliza.

Fundi akapiga magoti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Kutoka pale chini, kwenye nafasi kati ya kochi na fremu, aliona miguu ya mkewe barabarani. Alikuwa amevua ndala moja na kukandamiza unyayo mmoja kwa mwingine, kama alivyozoea kila jioni akiinuka kwenye cherehani. Fundi alikijua kisigino kile kwa vipimo. Alikipima kwa siri na tepu, na akaongeza kiganja.

Honi ikalia. Mchungaji alikuwa amefika na pikapu ya kuazima, amevaa suti ya kumpokea askofu. Akashuka, akamwona mama ameketi juu ya nusu ya kochi kando ya barabara, akavua kofia.

"Naona limefika nusu ya safari," alisema. "Fundi yuko wapi?"

"Liulize kochi," akajibu mama.

"Niko huku ndani, mchungaji." Fundi alisimama, akaonekana uso tu juu ya mgongo wa kochi. Mtu huyu alikuwa amemwambia mchungaji ndiyo kwa viti, kwa madawati, kwa mimbari, kwa jeneza la bure la mzee asiye na ndugu. Hakujua neno jingine linaanzaje. "Mchungaji, kuna kosa limetokea. Nilikupa kitu kisicho changu."

"Kisicho chako? Cha nani?"

"Cha huyo aliyekikalia."

Mama hakugeuka, lakini unyayo uliacha kukanda.

"Nililitengeneza kwa kimo chake," fundi akaendelea. "Nilimpima amelala. Hajui. Halafu nikaona haya kukunyima wewe, nikamnyima yeye, kwa sababu yeye nimemzoea. Nimefanya hivyo miaka mingi, mchungaji, na nilikuwa naiita kazi ya Bwana. Naomba unisamehe, kochi halitoki. Mama watoto, na wewe naomba unisamehe. Kitinda pia." Akaitazama bisibisi mkononi, akamrudishia binti yake.

Mchungaji aliinamisha kichwa muda mrefu kiasi kwamba Umeme akadhani anaomba. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika. "Yaani mlitaka nimlaze askofu juu ya mali ya wizi," akasema. "Acha akalie plastiki. Akiuliza, nitamwambia katika kanisa hili viti ni dhaifu ila ndoa ni imara."

Mama alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Kisha akashuka, akavaa ndala yake, akashika kochi. "Baba watoto," alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza moja kwa moja tangu Alhamisi, "ulinipima nimelala?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa macho. Nilidhani unapima mkeka." Akakohoa kucheka. "Haya, vuta wewe sasa, mimi nasukuma. Nyuma yako kuna ndoo."

Fundi akageuka kutazama, na kweli ndoo ilikuwapo. Akaisogeza kwa mguu, akashukuru, akavuta. Mchungaji akavua koti akasaidia kwa nje, Umeme akaitikia "natua" na "nanyanyua" kama mwanafunzi wa mbele, na kochi likarudi ndani kirahisi, likapita mlango wa sebuleni bila kugusa fremu. La zamani likatolewa ua wa nyuma, springi yake mbele.

Hapo simu ya Umeme ikaita. Akaitazama. "Mteja," alisema. Kitinda akawa anakunja blanketi la zamani, anakunja na kukunjua. Umeme akajibu simu. "Mama, shikamoo. Leo siji. Hapana, hakuna ugonjwa, niko kwa mama mkwe. Jumatatu asubuhi." Akaizima kabisa, akaiweka mfukoni, akamnyooshea Kitinda mkono. "Hiyo bisibisi."

"Ya nini?"

"Soketi ya mama." Akamtupia fundi jicho la utani. "Baba amengoja mpaka ameota mvi. Mimi nisingoje."

"Kijana, mvi zangu ziache," fundi akasema, na akacheka mpaka akashika meza.

Mchungaji alikuwa anavaa koti lake aondoke, pikapu tupu inamsubiri. Alisimama mlangoni. "Kitinda, mwanangu, na lile neno lako? Nakungojea wewe."

Kitinda alimtazama Umeme, ambaye amechuchumaa chini ya dirisha, ukuta umefunguliwa, skrubu amezibana kwa midomo na hawezi kusema kitu hata angetaka. Akamtazama baba yake.

"Kesho," akasema.

Neno likampiga fundi kifuani. Alikuwa amewagawia wenzake neno hilo maisha yake yote, lakini hajawahi kulipokea, na hakujua kwamba lina uzito huo. Alikuwa hana cha kudai.

Kitinda akamshika mkono. "Kesho si Jumapili, baba? Mchungaji atangaze kesho."

Kutoka sebuleni mama, ambaye alikuwa amejinyoosha kwenye kochi jipya na bado nafasi ya kiganja imebaki, aliomba mtu mmoja afunge ule mlango wa barabarani, upepo unaingia.